Maswali ya Wasomaji: Utabiri wa Hali ya Hewa kwenye Televisheni na Wanaoutangaza

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi iliyodai kwamba watazamaji wengi humhukumu mtangazaji wa hali ya hewa kwa sura na sauti yake, huku utabiri wenyewe ukipita bila kupimwa. Barua zilizofuata ni nyingi, na baadhi zina uchungu. Nimechagua zile zinazogusa kiini cha jambo, nikazifupisha bila kuondoa hoja za waandishi wake.

SWALI: Mimi ni mkulima, na kila jioni huacha shughuli zangu ili nisikilize utabiri. Wakisema mvua, jua linawaka. Wakisema jua, mvua inanyesha. Nimefikia kuamini kwamba watu hawa wanabahatisha tu. Kwa nini tuendelee kuwasikiliza ilhali wanakosea kila siku?

JIBU: Mtu aliyepanda mbegu kwa kutegemea mvua iliyotangazwa, kisha mvua ile ikakosekana, hawezi kuridhishwa na maneno matamu, nami sitajaribu kukuridhisha kwa njia hiyo. Ninachoomba ni tulipime dai lenyewe, kwa sababu barua yako imechanganya madai mawili: kwamba wanakosea mara nyingi, na kwamba wanabahatisha. Hayo ni mambo tofauti, na kila moja lina kipimo chake.

Mwaka 1884 mwanajeshi wa Marekani aitwaye John Park Finley alieleza kwamba utabiri wake wa tornado, yaani upepo mkali unaozunguka kama bomba kutoka wingu la ngurumo hadi ardhini, ulikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 96. Kati ya utabiri 2,803 alioutoa, 2,708 ulitimia. Wakosoaji wake hawakukawia kumwonyesha kwamba, kwa kuwa tornado hutokea kwa nadra, mtu ambaye angesema kila siku kwamba haitatokea angepata zaidi ya asilimia 98 bila kuangalia hata wingu moja. Kwa kipimo hicho Finley alionekana ameshindwa na mtu asiyejua lolote. Lakini ukizitazama hesabu zake kwa makini unaona picha nyingine: katika mara 51 ambazo tornado zilitokea kweli, alikuwa amezitabiri mara 28, yaani zaidi ya nusu, katika zama ambazo hapakuwa na rada wala setilaiti. Yule wa kusema "haitatokea" asingeitabiri hata moja, na hizo ndizo siku pekee ambazo watu walimhitaji mtabiri.

Tangu wakati huo wataalamu wamejifunza kutoridhika na asilimia tupu. Swali wanalojiuliza ni kama utabiri umemzidi mtu asiye na taarifa yoyote, anayesema kwamba kesho itakuwa kama leo, au kwamba kesho itakuwa kama ilivyo kawaida ya msimu huu. Kwa kipimo hicho, utabiri wa kisasa wa siku chache zijazo haubahatishwi hata kidogo. NOAA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia masuala ya bahari na angahewa, hueleza kwamba utabiri wa siku tano hutimia takriban asilimia 90, wa siku saba takriban asilimia 80, na kwamba ule wa siku kumi au zaidi hutimia karibu nusu tu. Watafiti waliopitia maendeleo ya fani hii mwaka 2015 walionyesha kwamba uwezo wa kutabiri umekuwa ukisogea mbele kwa takriban siku moja katika kila miaka kumi, maana yake ni kwamba utabiri wa siku tano ulikuwa umefikia usahihi ambao miaka kumi kabla yake ulipatikana kwa siku nne. Maendeleo hayo yamekuja polepole mno kiasi kwamba hakuna mtazamaji aliyeweza kuyaona akiwa sebuleni kwake.

Sasa dai la kwanza, la kukosea kila siku. Utabiri uliotimia hauachi alama yoyote kichwani, kwa sababu mtu aliyeambiwa kutakuwa na jua na akapata jua anaendelea na kazi zake na kusahau. Utabiri uliokosewa huja pamoja na nguo zilizolowa, safari iliyoharibika au mbegu zilizokauka ardhini, na hayo hayasahauliki. Ndiyo maana tukiulizwa tunakumbuka makosa tu. Jaribu kuandika kwenye daftari, kila jioni kwa msimu mzima, kile kilichotangazwa, na kesho yake uandike kilichotokea kwako. Ukimaliza msimu ukakuta wamekosea zaidi ya walivyopatia, nitaichapisha barua yako ya pili bila kuikata hata mstari mmoja.

Hata hivyo kuna sehemu ya lawama yako ambayo naiunga mkono kikamilifu. Mvua si za aina moja. Mfumo mkubwa wa mawingu unaotanda mamia ya kilomita unaonekana na kompyuta siku kadhaa kabla, na utabiri wake ni wa kutegemewa. Mvua ya ngurumo ya alasiri ni jambo jingine: wingu lake linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, likajijenga, likamwaga na kuisha kabla ya saa moja kupita. Kompyuta zinazotabiri hali ya hewa ya dunia nzima huigawanya angahewa katika visanduku. Hata ile ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Muda wa Kati, kinachojulikana kwa kifupi ECMWF, hutumia visanduku vya takriban kilomita tisa, kwa hiyo wingu la namna hiyo hupenya katikati bila kuonekana sawasawa. Siku kama hizo mtabiri anaweza kujua kwa uhakika mkubwa kwamba mvua zitanyesha katika maeneo machache ya mkoa, asijue kabisa ni maeneo gani. Shamba lako likibaki kavu na la jirani likalowa, utabiri ule ulikuwa sahihi, nawe hukupata mvua.

Mtaalamu anaijua tofauti hiyo kabla hajaingia studio. Anajua leo ni siku ya uhakika au siku ya mashaka. Kosa ninaloliona kwenye vituo vingi ni kwamba siku zote mbili hutangazwa kwa sauti ileile, kwa alama ileile ya wingu lenye matone, na kwa uso uleule wa kujiamini. Hapo mkulima ananyimwa taarifa ambayo kwake ina thamani kuliko utabiri wenyewe: awategemee kwa kiasi gani kesho. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa wasomaji wa ukurasa huu wawadai watangazaji, ni hilo.

SWALI: Mtangazaji alisema uwezekano wa mvua kesho ni asilimia 30. Mume wangu anasema maana yake mvua itanyesha kwa karibu theluthi ya siku. Mimi nasema itanyesha katika theluthi ya eneo. Kijana wetu anasema maana yake ni kwamba haitanyesha. Nani kati yetu amepatia?

JIBU: Hakuna aliyepatia, na hilo lisiwavunje moyo. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha utafiti ambamo wapita njia katika miji mitano, yaani New York, Amsterdam, Athens, Berlin na Milan, waliulizwa swali hilohilo. New York peke yake ndipo wengi walipotoa maana inayokusudiwa na wataalamu, na Marekani watu wamekuwa wakitangaziwa asilimia hizo tangu katikati ya miaka ya 1960. Katika miji minne iliyobaki, wengi walichagua tafsiri ya mume wako, na yako ikafuatia. Kwa hiyo mpo pamoja na watu wengi.

Maana yake ni hii: chukua siku kumi ambazo hali ya angahewa inafanana na inavyotarajiwa kuwa kesho; katika siku tatu kati ya hizo mvua itanyesha mahali ulipo, na katika siku saba haitanyesha. Hakuna kinachosemwa juu ya mvua itachukua muda gani wala itakuwa kubwa kiasi gani. Manyunyu ya dakika tano na mvua ya kutwa nzima vyote huhesabiwa kuwa mvua imenyesha.

Inafaa pia kujua namba hiyo inatoka wapi, maana watu wengi hudhani ni mtaalamu anayekisia. Mwaka 1961 mwanasayansi wa Marekani Edward Lorenz alikuwa akiendesha kompyuta iliyoiga mwenendo wa angahewa, na alipotaka kurudia sehemu ya hesabu aliingiza 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti ni ndogo mno, lakini baada ya muda hali ya hewa iliyotolewa na kompyuta ikawa haifanani kabisa na ile ya mwanzo. Kwa kuwa vipimo vyetu vya joto, upepo na unyevu haviwezi kuwa kamili, angahewa yenyewe ina tabia hiyohiyo: kosa dogo la leo hukua likawa kubwa kadiri siku zinavyosogea. Ndiyo sababu tangu mwaka 1992 vituo vikubwa vimekuwa vikiendesha utabiri mmoja mara nyingi kwa pamoja, kila mara vikibadilisha kidogo sana vipimo vya kuanzia. ECMWF hupata kwa njia hiyo matoleo 51 ya utabiri wa siku moja. Ikiwa 15 kati ya hayo yanaonyesha mvua mahali ulipo, hapo ndipo asilimia 30 inapopata chimbuko, ingawa kwa kawaida namba hurekebishwa kabla ya kutangazwa kwa kuangalia jinsi kompyuta ilivyokosea siku za nyuma.

Mtangazaji aliyesema asilimia 30 hawezi kuhukumiwa kwa siku moja. Mvua ikinyesha, alikuwa ameacha nafasi ya mvua. Isiponyesha, alikuwa ameacha nafasi kubwa zaidi ya jua. Kijana wenu anaweza kuona huu ni ujanja wa kukwepa lawama, lakini hesabu inamfunga mtangazaji kuliko anavyodhani: kusanya siku zote alizosema asilimia 30, na kama katika kila kumi zilizonyesha ni sita, au haikunyesha hata moja, basi namba zake hazina ukweli. Udhaifu wa namna hiyo umewahi kuthibitishwa. Wachunguzi wa utabiri wa chaneli moja ya Marekani walikuta kwamba pale ilipotangaza uwezekano mdogo wa mvua, mvua ilinyesha mara chache kuliko hata kiwango hicho kidogo. Sababu inaeleweka: mtazamaji aliyenyeshewa bila kuonywa hukasirika, na aliyeandaa mwavuli bure hakasiriki. Lakini kuipandisha namba ili kuepuka hasira za watazamaji ni kuwanyima watu ukweli waliouomba, na sioni utetezi wake.

Namba iliyo kweli inamwezesha kila mtu aamue kulingana na kitakachoharibika. Anayetoka kwenda kutembea anaweza kuipuuza asilimia 30. Fundi anayetaka kumwaga zege la paa, au mwenye harusi ya uwanjani, hapaswi kuipuuza. Utafiti wa Susan Joslyn na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington umeonyesha kwamba watu wa kawaida waliopewa utabiri pamoja na uwezekano wake waliamua vizuri zaidi, na waliuamini utabiri zaidi, kuliko waliopewa jibu moja tu. Wakuu wa vipindi wanaosema kwamba watazamaji hawazielewi asilimia wangefanya vizuri zaidi kama wangemwagiza mtangazaji aseme "mara tatu kati ya kumi", kisha aonyeshe kwenye ramani ni wapi.

SWALI: Nyumbani kwetu utabiri ukianza, mazungumzo huwa juu ya gauni la mtangazaji, nywele zake na kama amenenepa. Watangazaji wa kiume hawasemwi hivyo hata wakivaa suti ileile mwezi mzima. Je, ni haki? Na kama si haki, tuwahukumu kwa lipi?

JIBU: Si haki, na hasara yake haiishii kwa mtangazaji anayeumizwa, kwa sababu dakika mbili zinazotumika kulijadili gauni ndizo dakika mbili za utabiri wote. Kipindi kikiisha, nyumba nzima inajua amevaa nini na hakuna anayejua upepo utavuma kutoka upande gani.

Kuna mambo ambayo ni halali kumhukumu mtangazaji kwayo. Mtazame mikono. Katika studio nyingi nyuma yake hakuna ramani yoyote. Kuna ukuta wa rangi ya kijani, na ramani unayoiona wewe huwekwa na mitambo. Yeye huiona kwenye skrini ndogo zilizowekwa pembeni na mbele yake, na lazima aelekeze kidole mahali asipopaona moja kwa moja, huku akizungumza bila karatasi na kuhesabu sekunde zilizobaki. Mzoefu huweka kiganja chini ya eneo analolitaja, akakiacha hapo mpaka sentensi iishe, kisha akasogea ili mwili wake usiifunike sehemu nyingine ya ramani. Asiye mzoefu hupitisha mkono juu ya ramani nzima kila anapotaja mvua, hata mtazamaji hajui ni kusini au kaskazini, na mara nyingine husimama mbele ya jimbo zima kuanzia mwanzo wa taarifa hadi mwisho. Hilo si jambo la sura, ni la ustadi, na mtu anaweza kulalamika juu yake kwa haki.

Sikiliza pia mpangilio wa maneno. Taarifa inayoanza na nyuzi joto za jana, ikapitia kila mji kwa zamu na kuishia na onyo la upepo mkali zikiwa zimebaki sekunde kumi, imepangwa vibaya hata kama kila namba ndani yake ni sahihi. Lenye madhara makubwa linapaswa kutangulia. George Cowling, aliyekuwa mtabiri wa kwanza kuonekana kwenye skrini ya BBC tarehe 11 Januari 1954, alichora ramani yake kwa mkono mbele ya watazamaji, na inakumbukwa kwamba aliwaambia kesho yake ingekuwa na upepo na kwa hiyo ingekuwa siku nzuri ya kuanika nguo. Hakuwa na picha za setilaiti wala ramani zinazotembea, lakini aliufikisha utabiri mpaka kwenye kazi ya mtazamaji. Leo tuna michoro ya kupendeza isiyomfikisha mtazamaji popote, na baadhi yake hupita skrini kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Kwa hiyo, baada ya kipindi, mwulize mmoja wa familia yako swali hili: kesho utafanya nini tofauti na ulivyopanga? Akiweza kujibu, mtangazaji amefanya kazi yake.

SWALI: Hivi hawa watangazaji wamesomea hali ya hewa au wanasoma tu walichoandikiwa?

JIBU: Wapo wa aina zote mbili. Baadhi ya vituo huwaleta wanameteorolojia, yaani wataalamu wa sayansi ya hali ya hewa, wenyewe mbele ya kamera, na vingine huwatumia wanahabari wanaopokea taarifa kutoka mamlaka ya hali ya hewa. Nchini Marekani, Jumuiya ya Meteorolojia hutoa cheti maalumu kwa watangazaji waliosomea fani hiyo, wakafaulu mtihani na kazi zao za hewani zikakaguliwa. Mimi sioni ubaya katika kusoma taarifa iliyoandaliwa na wataalamu, mradi kituo kisimwite msomaji huyo mtaalamu. Tofauti huonekana siku ya hatari, pale hali inapobadilika katikati ya matangazo: aliyesomea anaweza kueleza kwa nini, na ambaye hakusomea hurudia sentensi alizo nazo mkononi.

SWALI: Simu yangu ilionyesha jua kesho, televisheni ikasema mvua, na kituo kingine kikasema mawingu. Wote wanatazama anga moja. Nimwamini nani?

JIBU: Wanatazama anga moja, ila hawatumii kompyuta moja wala saa moja ya kukusanya vipimo, na kama nilivyoeleza hapo juu, tofauti ndogo mwanzoni huzaa tofauti kubwa baadaye. Tangu Februari 2025 ECMWF pia imekuwa ikitoa rasmi utabiri unaofanywa na akili bandia pamoja na ule wa hesabu za fizikia, kwa hiyo vyanzo vinazidi kuongezeka.

Programu nyingi za simu huchukua namba za kompyuta na kuzigeuza kuwa picha moja ndogo ya jua au wingu bila mwanadamu kuzipitia. Picha hiyo haina mahali pa kuonyesha mashaka. Mtaalamu aliye studio amezilinganisha kompyuta kadhaa na anaijua tabia ya milima na maziwa ya eneo lake, ila taarifa yake inaweza kuwa ya saa kadhaa zilizopita. Kwa saa chache zijazo, picha ya rada iliyotoka sasa hivi ina thamani kubwa. Kwa kesho na keshokutwa, mimi ningemsikiliza mtu anayeweza kueleza sababu. Na vyanzo vyako vitatu vikipingana namna hiyo, tayari umeshapata taarifa: kesho ni siku ya mashaka, upange mambo yako hivyo.

SWALI: Naona siku hizi kila upepo ni "hatari" na kila mvua ni "onyo". Ramani zimejaa rangi nyekundu. Wanatutia hofu ili tusibadilishe chaneli. Siku ya hatari ya kweli nani atawasikiliza?

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, na siwezi kuwatetea wanaoongeza chumvi. Naomba tu usisahau upande wa pili wa jambo hili, ambao mfano wake maarufu ni wa Uingereza. Mchana wa tarehe 15 Oktoba 1987, mtangazaji wa BBC Michael Fish aliwaambia watazamaji kwamba mwanamke mmoja alikuwa amepiga simu akisema amesikia kimbunga kinakuja, kisha akawatuliza kwamba hakuna kimbunga. Usiku ule dhoruba kali ikapiga kusini mwa England, ikaua watu 18 na kuangusha miti inayokadiriwa kufikia milioni 15. Fish ameeleza mara nyingi baadaye kwamba alikuwa akizungumzia kimbunga cha upande wa Florida, na kwamba katika taarifa hiyohiyo alikuwa ametaja upepo mkali. Watabiri kwa kweli walikuwa wameiona dalili ya hali mbaya siku kadhaa kabla, ila hesabu za baadaye zikaisogeza dhoruba kusini zaidi ya ilikopita. Kosa lilikuwa la vipimo na kompyuta za wakati ule, lakini umma ulilihifadhi katika sura ya mtu mmoja na sentensi moja, na linarushwa tena hadi leo. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilianzisha huduma ya taifa ya maonyo ya hali mbaya ya hewa.

Mtangazaji yeyote anayeijua habari hiyo huelewa kwamba akionya bure atalalamikiwa wiki moja, na asipoonya atalaumiwa maisha yake yote. Ndiyo sababu maonyo huwa mengi. Dawa yake si kuwakataza kuonya. Mamlaka nyingi sasa hutaja katika onyo mambo mawili kwa utengano, yaani uwezekano wa tukio na ukubwa wa athari zinazotarajiwa, na mtangazaji akiyasoma yote mawili mtazamaji anaweza kupima mwenyewe. "Uwezekano ni mdogo, lakini ikitokea barabara za mabondeni zitafungwa" ni onyo ambalo halidanganyi hata kama mvua haikunyesha. Kinachochosha watu ni rangi nyekundu isiyo na maelezo. Ukiiona ramani ya namna hiyo, soma kwanza namba na ufunguo wa rangi ulio pembeni, kwa sababu kila kituo huchagua rangi zake, na wekundu wa kituo kimoja unaweza kuwa njano kwingine kwa nyuzi joto zilezile.

SWALI: Kila mtu ana simu. Kwa maoni yangu kipindi cha hali ya hewa kifutwe kwenye televisheni, na muda wake upewe habari za maana.

JIBU: Jambo karibu na hilo limewahi kufanyika, na matokeo yake yanajulikana. Robert FitzRoy, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kuchapisha utabiri wa kila siku katika gazeti la The Times mwaka 1861, akiwa pia anatuma maonyo ya dhoruba bandarini. Ulipokosea alikejeliwa magazetini na bungeni, na wanasayansi waliokuwa juu yake waliona kazi hiyo haina msingi wa kutosha. Alifariki mwaka 1865, na mwaka uliofuata utabiri pamoja na maonyo vikasitishwa. Waliolalamika walikuwa watu wa baharini, ambao maisha yao yalitegemea maonyo yale pamoja na makosa yake yote, na mwaka 1867 maonyo ya dhoruba yakarudishwa. Umma wa nchi kavu ulisubiri utabiri wa magazetini mpaka mwaka 1879.

Simu haiwezi kuchukua nafasi yote ya mtu anayesimama mbele ya ramani na kueleza kwamba mfumo huu unatoka huku, unaelekea kule, nami nina uhakika nao kwa kiasi hiki. Wazee wengi hawatumii programu hizo, na wanaozitumia hawaambiwi lolote kuhusu mashaka yaliyomo. Kinachostahili kufutwa ni desturi ya kutangaza na kuondoka. Sijaelewa kwa nini mtangazaji hatumii sekunde 20 za mwanzo kusema jana tulitabiri hivi, yametokea haya, na tulipokosea sababu ilikuwa hii. Namba hizo zipo kwenye kumbukumbu za kila mamlaka ya hali ya hewa, na kuzisoma hakuhitaji mtambo mpya.

Nakushauri uliandikie dawati la habari la kituo unachokitazama ukaombe hilo. Taja tarehe ya taarifa, saa iliyorushwa, maneno yaliyosemwa na kilichotokea mahali ulipo, bila kumtukana mtangazaji na bila kutaja mavazi yake. Malalamiko yaliyoandikwa hivyo ni vigumu kuyaweka kando, na yanaweza kupelekwa moja kwa moja kwa mtu aliyeandaa utabiri wa siku ile.